Karatasi Nyuma ya Mlango: Kumsaidia Mwanafunzi Mwenye Usonji Azoee Maisha ya Home

Mdogo wangu aliingia home akiwa na miaka 19, godoro la sponji, mkoba mmoja na sanduku la mawe. Home ndivyo tunavyoita mabweni ya wanafunzi hapa Congo. Na mawe yalikuwa mawe kweli: malakiti ya kijani, kwatzi, vipande vyeusi alivyookota pembeni ya barabara za migodi tangu utoto. Lubumbashi mtoto anayependa mawe hamshangazi mtu. Kilichowashangaza watu ni mengine. Hakumwangalia mtu machoni, alikula vyakula vinne tu, na ukimwambia "ngoja dakika mbili" alihesabu dakika mbili.

Wiki ya tatu akanipigia usiku. "Yaya, miye nitarudia ku nyumba." Yaya kwetu ni ndugu mkubwa, ndivyo anavyoniita. Masomo hayakuwa tatizo, intero (jaribio) ya kemia alikuwa wa kwanza. Tatizo lilikuwa chumba.

Usonji, ambao wengi wetu huku tunauita otisme, ni namna ubongo unavyokua tangu mtu hajazaliwa. Hauambukizi, hauna dawa ya kuuondoa, na si ulozi. Kuna mwenye usonji asiyesema neno maisha yake yote, na kuna anayesoma jiolojia chuo kikuu. Ninaandika juu ya huyu wa pili, kwa ajili ya papa, mama, kaka au yaya ambaye mwaka huu anampeleka wake home. Mengi ya hapa niliyajua baada ya kuyakosea.

Jambo lenyewe ni hili: chumba cha watu wanne kina sheria nyingi sana ambazo hakuna anayezitamka. Wengine wanazinusa hewani. Huyu wako hazinusi. Akili anayo na adabu anayo, ila hakuna aliyemwambia. Kazi yako kubwa ni kuhakikisha zinatamkwa, kabla watu hawajachukiana.

Hatua ya 1: Anzeni nyumbani, na muulize mwenyewe

Tulikaa sebuleni, papa, mama, mjomba na mimi, tukamzungumzia saa mbili nzima naye yuko chumba cha pili anasikia kila neno. Tulipomaliza akatoka akauliza, "Na miye nitasema wakati gani?" Swali lile bado linaniuma.

Kwa hiyo anza na yeye. Usimuulize "unaogopa nini?" Hilo ni pana mno, atajibu "sijui" na atakuwa amesema kweli. Uliza vitu vinavyoshikika. Ukiwa umelala, sauti gani inakuamsha? Chakula gani huwezi kukaa karibu nacho? Mtu akigusa kitu chako bila kuomba, mwili wako unafanya nini? Ukichoka sana, unapenda mtu akuongeleshe au anyamaze? Andikeni majibu yake kwa maneno yake. Daftari hilo mtalihitaji tena.

Halafu mazoezi, miezi mitatu kabla. Kijana ambaye mama alimfulia tangu kuzaliwa hawezi kujifunza kufua juma lilelile anapojifunza kulala na watu watatu asiowajua. Awashe mbabula, jiko la makaa, mwenyewe mpaka makala yashike. Asonge bukari, yaani ugali. Apange mstari wa maji na bidon yake ya lita 20, ajue kwamba watu hupenya mstarini na kwamba kuna namna ya kusema "mama, mimi nilikuwa hapa" bila kugombana. Apande taxi-bus peke yake mpaka Kasapa, kwenye kampasi, na kurudi: kwanza Jumapili barabara ikiwa wazi, baadaye Jumatatu asubuhi kwenye msongamano. Mwonyeshe kitu kimoja, akizoee, ndipo uongeze kingine.

Na azoee kulala na mtu chumbani. Sisi tulimwomba binamu aje wiki mbili. Usiku wa pili tu tukagundua kwamba mwanga wa simu ya mtu mwingine, hata ikiwa kimya kabisa, unamkesha. Ni heri kulijua nyumbani kuliko kulijua mkesha wa mtihani.

Hatua ya 2: Tazama kitanda kabla ya kutazama chumba

Nendeni mkakione chumba pamoja, mchana na jioni. Ofisi inaweza kukuambia chumba ni cha watu wanne, lakini ukweli wa idadi uulize kwa wanafunzi wenyewe, kwa sababu kuna makizari: wanafunzi wasio na nafasi rasmi wanaolala kwa rafiki. Chumba cha wanne kikiwa na makizari watatu ni chumba cha saba. Siwalaumu, wametoka mbali na kodi ya mjini ni kali. Lakini mwenye usonji lazima ajue tangu siku ya kwanza ni watu wangapi atakaowakuta akiamka.

Kitanda kiwe cha kona, mbali na mlango, mbali na choo, mbali na dirisha linaloelekea genereta. Cha chini kina faida kubwa: unafunga kamba, unaning'iniza kitenge, na tayari ana chumba chake ndani ya chumba. Mdogo wangu kitenge kile kilimfaa kuliko kitu kingine chochote nilichomnunulia. Kikifungwa, wenzake wanajua hataki kuongea. Kikiwa wazi, karibu.

Mkiwa na uwezo wa kumpangia chumba jirani na kampasi na mtu mmoja mtulivu, mimi ningechagua hilo kuliko home. Kumpeleka kwa shangazi upande wa pili wa mji sikushauri: taxi mbili kwenda, mbili kurudi, na akifika anakuta kazi za nyumba zinamsubiri. Atamaliza nguvu zake zote kabla ya kufungua silabusi.

Hatua ya 3: Nani aambiwe, na aambiwe nini

Jina la usonji ni mali yake. Akitaka kulisema, atalisema mwenyewe, asipotaka, usimtangulie ukawanong'onezea wenzake mlangoni "mumuhurumie, ana tatizo." Mimi nilifanya hivyo, kwa upendo, na kwa mwezi mzima wakamtendea kama mtoto wa miaka sita.

Wenzake wa chumba hawahitaji jina la kitabuni. Wanahitaji kujua wafanye nini. Tuliandika maneno machache naye, akayajaribu mbele yangu mpaka yakawa yake:

"Mimi ni mtu wa utaratibu. Kelele nyingi zinaniumiza masikio kama jua kali linavyoumiza macho. Nisipokuangalia usoni, bado ninakusikiliza. Ukitaka kitu kwangu au ukikasirika, niambie kwa maneno wazi, sitachukia."

Hayo yanatosha siku ya kwanza. Yeyote anaweza kuyasema bila aibu.

Niseme wazi na jambo ambalo familia nyingi zinalikwepa. Huku kwetu, kijana asiyesalimia, anayekula peke yake na kuongea peke yake usiku, haichukui muda mtu kutamka neno ulozi. Usingoje litamkwe. Katika kila home kuna mtu anayeheshimiwa, awe mkubwa wa kikundi cha maombi au mwanafunzi wa mwaka wa mwisho ambaye wote wanamsikiliza. Mdogo wako akikubali, mtafuteni huyo mapema, mumweleze kwa utulivu usonji ni nini. Neno lake moja kwenye korido linazima moto ambao wewe, ukiwa mjini, hutausikia hata moshi wake.

Kwa walimu ni tofauti. Hapo barua ya daktari inasaidia, na maombi yawe mafupi: akae mbele, kazi apewe kwa maandishi na si kwa mdomo tu, mabadiliko ya saa ya mtihani ayapate kwa ujumbe. CP wa promosyo, yaani kiongozi wa wanafunzi wa mwaka wake, akijua, nusu ya kazi imekwisha, maana yeye ndiye anayesambaza habari. Ikifika mahali mnakataliwa bila sababu, jueni kwamba Congo ilijiunga mwaka 2015 na Mkataba wa Umoja wa Mataifa juu ya haki za watu wenye ulemavu, na tangu tarehe 3 Mei 2022 kuna sheria ya nchi, namba 22/003, inayolinda haki hizo, elimu ikiwemo. Nimeona namna mtu anavyokaa wima kwenye kiti akisikia namba ya sheria. Ila nenda kwanza kwa upole.

Hatua ya 4: Kikao cha chumba

Ukifanya hatua moja tu kati ya hizi zote, fanya hii.

Kilichomfanya mdogo wangu anipigie usiku ule kilikuwa sabuni. Wenzake walikuwa wakichukua sabuni yake, chumvi yake, mafuta yake, kama wanafunzi wanavyofanya tangu enzi na enzi. Yeye hakusema neno. Aliandika. Mwisho wa mwezi akawapa kila mmoja karatasi: sabuni mara 11, chumvi mara 6, mafuta vijiko 9, jumla ya franga kadhaa. Chumba kikachafuka. Wao waliona uchoyo wa kutisha. Yeye aliona hesabu safi, na hakuwa akiwaonea: katika daftari lilelile alikuwa ameandika kila alichochukua kwao, na ameshalipa.

Mwaka 2012 Damian Milton, msomi Mwingereza ambaye mwenyewe ana usonji, aliandika kwamba kutoelewana kwa namna hii kunatoka pande mbili. Mwenye usonji anashindwa kuwasoma wengine, na wengine nao wanashindwa kumsoma. Nilipolisoma hilo niliikumbuka ile karatasi ya sabuni. Hakuna aliyekuwa mbaya mle ndani.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda na mandazi na chupa mbili za Fanta, tukakaa vitandani. Sikuanza na mdogo wangu. Nilimwomba kila mmoja aseme mambo mawili yanayomkera katika chumba. Hilo ndilo lililokiokoa kikao, kwa sababu kumbe kila mtu alikuwa na yake. Wa kitanda cha juu alichukia saa ya kengele ya saa kumi alfajiri inayolia mara tano na mwenyewe haamki. Mwingine alikerwa na wageni wanaokaa juu ya shuka lake. Mdogo wangu akasema ya kwake akiwa wa tatu, na yakawa mambo ya kawaida kama ya wengine.

Tukaandika karatasi moja, wote wakasaini, tukaibandika nyuma ya mlango:

1. Taa inazimwa saa nne na nusu usiku. Anayesoma zaidi atumie taa yake ndogo.
2. Muziki na video ni kwa ekuteri masikioni. Kengele ya asubuhi inalia mara moja.
3. Chumvi na sabuni ya vyombo ni za wote, tunachanga mwanzo wa mwezi. Mafuta, sabuni ya kuoga, kikombe na shuka ni vya mwenyewe.
4. Mgeni wa mchana: ujumbe kwenye WhatsApp kabla hajaingia. Mgeni wa kulala: tunakubaliana wote siku moja kabla.
5. Maji kwa zamu. Jina na siku ziko chini.
6. Sanduku la mawe haliguswi.
7. Mtu asipopenda jambo, anasema siku hiyohiyo kwa mdomo. Hakuna kununa.

Ya sita ina historia. Katika usafi wa Jumamosi mmoja, kwa nia njema kabisa, mwenzake alimwaga mawe kwenye jalala nyuma ya home, akidhani ni takataka za ujenzi. Mdogo wangu alitafuta kwa tochi ya simu mpaka saa nane usiku. Mawili hayakuonekana tena. Kwa mtu mwenye usonji, kile anachokipenda sana ndicho kinachomrudishia pumzi baada ya siku ya watu, kelele na maswali. Wenzake walipoelewa hivyo, wa kitanda cha juu alitoka mwenyewe kwenda kutafuta yale mawili.

Ya saba ilichukua karibu saa nzima. "Tulimnunia siku nne," mmoja akaniambia, bado ana uchungu, "hata hakuona!" Kweli hakuona. Kununa ni lugha, na yeye haisomi. Uso uliokunjwa, mlango uliofungwa kwa nguvu, kimya cha makusudi, vyote vinampita. Ukimwambia "jana uliacha sufuria chafu, nimekasirika, ioshe sasa," ataiosha na kesho hatarudia. Wenzake walidhani kusema hivyo ni ukali. Kwake yeye ndiyo heshima.

Kuhusu kula, msikilizane mapema. Kwetu sahani moja inakusanya watu, na anayekula pembeni anahesabiwa mchoyo au mtu wa siri. Lakini kwa wengi wenye usonji, sombe (majani ya muhogo) iliyogusana na samaki, au vidole vya watu wanne kwenye bukari moja, ni jambo ambalo koo linakataa kabisa. Si maringo. Njia yetu ilikuwa hii: chakula kikiiva, yeye anapakua wa kwanza kwenye sahani yake, halafu anakaa na wenzake palepale, hata kama hatii neno. Sahani yake, mkeka wao. Siku za kapenta, wale dagaa, anapika yai lake kabla mafuta hayajachafuka harufu.

Na mfundishe maneno ambayo hayamaanishi yanachosema. Tuliyaandika kama msamiati wa lugha ya kigeni. "Ninakuja," mtu akisema huku anatoka, maana yake ninaondoka na nitarudi. "Karibu tule" ya mtu aliyebakiza matonge mawili ni heshima, unajibu "aksanti, nimeshiba." "Tutaonana kesho" si miadi mpaka kuwe na saa na mahali. Salamu pia: tulikubaliana atasalimia kila mtu chumbani mara moja asubuhi, na mara moja akirudi jioni. Kwake ni kazi, anaifanya kama anavyopiga mswaki. Lakini yale maneno ya "ule mwana hasalimiake batu" yaliisha ndani ya wiki mbili.

Hatua ya 5: Masikio, pua na macho

Mvua ya Januari juu ya mabati, genereta umeme ukikatika, nganda (baa) ya jirani Ijumaa usiku, maombi ya mkesha korido ya pili. Huwezi kuyazima yote. Unaweza kumpa silaha. Vizibo vya masikio vinapatikana katika maduka ya dawa. Na mji wetu una bahati ya migodi, kwa hiyo vile vifuniko vya masikio wanavyovaa wafanyakazi wa mashine vinauzwa na vinafanya kazi vizuri. Asivivae barabarani. Taa ndogo ya kuchaji isiyowaka nyeupe sana. Kofia kwa mwanga wa oditwari, ule ukumbi wa masomo.

Zaidi ya vifaa, atafute mahali pake pa kukimbilia, na apajue kabla ya siku mbaya: kona ya maktaba, kivuli cha mti fulani, kanisa tupu saa za mchana. Sehemu mbili, kwa sababu moja itakuwa imefungwa siku anapoihitaji.

Hatua ya 6: Majuma ya mableu

Wanafunzi wapya huitwa mableu, na wakubwa huwa na michezo yao ya kuwapokea. Mwanafunzi mwingine anajua wapi mzaha unaanzia na wapi unaishia. Wako hajui. Mdogo wangu aliambiwa kwamba bleu analipa "kodi ya ngazi" kila anapopanda orofani, akalipa wiki tatu kutoka pesa yake ya taxi. Alikuwa akitembea kwa miguu na hakutuambia, kwa sababu kwake ilikuwa sheria ya chuo, na sheria hazilalamikiwi.

Mpe kanuni fupi isiyo na tafsiri mbili: malipo yote ya chuo yana risiti au bordereau ya benki, kisicho na karatasi hakilipwi. Mwanafunzi mwenzake hana haki ya kumvua nguo, kumpiga, kumnywesha pombe wala kumzuia kulala. Akiambiwa kitu asichokielewa, ajibu "ninamuuliza yaya kwanza," akupigie palepale. Kwa majuma hayo, simu yako isizimwe.

Hatua ya 7: Siku ya kulemewa

Itafika. Mara nyingi si kwa jambo kubwa: saa ya somo imebadilishwa, maji hayapo, mtu amekaa kitandani kwake, na umeme unakatika. La nne ndilo linalomwagisha kikombe. Wengine wanalipuka: wanalia, wanapiga kelele, wanajipiga kichwa. Wengine wanazima: wanajikunja, hawajibu, maneno yamekwenda. Hizo si hasira za mtoto anayetaka kitu, na si pepo. Ubongo umejaa na unamwaga.

Wafundishe wenzake wakati wa utulivu, siyo siku yenyewe. Mtu mmoja abaki, wengine watoke. Taa ipunguzwe, muziki uzimwe. Asishikwe, asimwagiwe maji, asizungukwe na watu wanaomwekea mikono kichwani na kuomba kwa sauti, hata kama wanampenda. Anayetaka kumwombea aombe kimya nje. Maswali yasiwepo. Ondoeni kinachoweza kumuumiza, kaeni umbali, ngojeni. Inaweza kuchukua nusu saa, inaweza kuchukua zaidi. Baadaye maji ya kunywa, kitenge kifungwe, alale. Mazungumzo ni kesho yake.

Kuna jambo moja la kutochanganya na hilo. Kifafa huwapata watu wenye usonji zaidi kuliko wengine. Akianguka, mwili ukakakamaa na kutikisika, hapo mlazeni upande, wekeni kitu laini chini ya kichwa, msimtie kijiko wala kidole mdomoni, na muangalie saa. Ikipita dakika 5, au ikirudi kabla hajapata fahamu, ni hospitali mara moja.

Hatua ya 8: Simu yako

"Uko salama?" ni swali lisilofaa. Atajibu "ndiyo" hata akiwa na njaa ya siku mbili. Wengi wenye usonji hawaisikii njaa wala kiu mpaka mwili uanze kutetemeka. Uliza: Leo umekula nini, saa ngapi? Jana ulilala saa ngapi? Nguo safi zimebaki ngapi? Nani umeongea naye leo, na juu ya nini? Sisi tulipanga Jumatano na Jumapili saa moja jioni. Asipotaka kuongea, anatuma ujumbe wa sauti, au namba tu: 1 ni vizuri, 2 ni nimechoka, 3 ni njoo. Kwa miaka miwili amenitumia 3 mara nne, na mara zote nne nilikwenda.

Ukisikia ameacha kuoga, ameacha kwenda oditwari, au ameacha kile anachokipenda, usingoje Jumapili. Huzuni nzito inawapata wenye usonji mara nyingi, hasa wale wanaojibana mchana kutwa waonekane kama wengine. Muulize waziwazi kama anafikiria kufa; kuuliza hakumpi wazo, kunampa mlango. Lubumbashi tuna kituo cha neva na akili cha Joseph Guislain cha Mabruda wa Upendo. Kumpeleka mtu huko si aibu ya familia.

Kwa wewe mwenzake wa chumba

Hukuajiriwa kuwa muuguzi wake. Una haki ya kulala, kuleta marafiki, kukasirika, na kumwambia hapana. Usimfanyie kazi zake. Akikosa zamu ya maji, mwambie kama ungemwambia mwingine yeyote. Ukimuona anatikisa mikono au kuyumbayumba akisoma, mwache, anajituliza. Na ukichoka, mpigie yaya yake. Namba yangu ilikuwa chini ya ile karatasi ya mlangoni kwa sababu hiyo.

Karatasi iandikwe upya

Kila mwanzo wa mwaka, na kila mtu mmoja akihama, kaeni tena. Hata makizari wasaini. Aliyehamia hajakubali chochote, na mwenye usonji atamshikia sheria ambazo mgeni hajawahi kuzisikia. Hapo ndipo ugomvi mpya unapozaliwa.

Mwaka wa pili sikwenda kwenye kikao. Walikaa wenyewe, na yule wa kitanda cha juu, aliyekuwa ameomba kubaki chumba kilekile, ndiye aliyeandika. Jioni mdogo wangu akanitumia picha. Mistari saba ya zamani ilikuwepo, ya mafuta imebadilika kidogo. Chini yake kulikuwa na wa nane, kwa mwandiko wake mwenyewe, herufi ndogo zilizonyooka: "Nikiongea sana juu ya mawe, semeni INATOSHA. Sitakasirika. Nitaendelea kesho."